Kisunzi Kisichoisha: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kukitibu, Hatua kwa Hatua

Wiki haipiti bila mtu kuniambia, "Lile zoezi la kugeuza kichwa ili kutibu kisunzi nimelifanya, wala halikunisaidia." Nikimwuliza alianza na upande gani, ananitazama tu. Nikimwuliza kisunzi chake hudumu muda gani, ananijibu "siku nzima". Nikimwuliza ametumia dawa gani, anatoa mkobani pakiti nne za vidonge kutoka maduka manne ya dawa, kuanzia Kongowea hadi Mwembe Tayari.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo. Nafanya kazi ya tiba ya viungo hapa Mombasa, na kosa ninaloliona ni lile lile: watu hutibu kabla ya kujua wanachotibu. Kizunguzungu, kisunzi, masua, kiite utakavyo, si ugonjwa. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Magonjwa yanayokileta ni mengi, na dawa ya moja huweza kuwa sumu ya jingine.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukizikimbia nne za mwanzo ukaenda moja kwa moja kwenye zoezi kwa sababu ndilo linalovutia, tutaonana tena mwezi ujao.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Usitegemee kichwa, kichwa ndicho kinachozunguka.
- Saa inayohesabu sekunde. Ya simu inatosha.
- Simu yenye kamera nzuri, ya kurekodi macho yako.
- Mashine ya kupima presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Kama huna, azima kwa jirani au nenda kituo cha afya kilicho karibu.
- Mto mmoja mnene na kitanda kisichobonyea. Kitanda cha kamba hakifai. Godoro juu ya mkeka sakafuni ni bora zaidi.
- Beseni, kwa ajili ya kutapika.
- Dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji na zile ulizopewa na jirani.
- Mtu mzima mmoja mwenye nguvu na subira. Hatua ya 5 na ya 6 usizifanye peke yako mara ya kwanza.

## Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Kabla ya daftari, kabla ya lolote, jiulize kama kuna mojawapo ya haya pamoja na kisunzi chako: mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea au kufa ganzi upande mmoja, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, chakula kukwama unapomeza, kichwa au shingo kuuma kwa ghafla na kwa ukali usioujua, au kushindwa kabisa kuketi au kusimama bila kushikwa.

Hicho huenda ni kiharusi cha nyuma ya ubongo. Usingoje kupambazuke, usimwite mtu aje "kukuangalia kwanza". Panda tuktuk, teksi, chochote, uende hospitali kubwa yenye mashine ya CT, ya kupiga picha za ubongo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ukiwa upande wa Likoni foleni ya feri nayo inakula katika saa hizo.

Nenda siku hiyo hiyo pia kama sikio limeziba usikivu kwa ghafla, kama unazimia au una maumivu ya kifua, au kama sikio linalotoa usaha siku zote sasa limeanza kukuletea kisunzi. Hilo la usaha watu hulidharau mno. Uambukizi unaweza kula mfupa hadi ukafikia kiungo cha mizani, kile cha ndani ya sikio kinachokuzuia kuyumba.

Utajua umefaulu: hakuna hata dalili moja kati ya hizo. Sasa una muda wa kuchunguza bila pupa.

## Hatua ya 2: Andika daftari kwa siku saba

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaandika hivi: "Jumatano. Kizunguzungu. Nimemeza dawa." Hayo hayana faida kwako wala kwa daktari. Andika hivi:

"Jumanne, saa 11 alfajiri. Niligeukia kulia kitandani. Chumba kilizunguka. Sekunde 20. Kichefuchefu kidogo. Masikio sawa. Kutwa nzima nikawa nayumba."

Maandishi hayo yana mambo matano: saa, nilichokuwa nafanya, nilichohisi, kilidumu kwa muda gani, na kilichokuja pamoja nacho. Kila tukio liandikwe hivyo.

Kuhusu ulichohisi, neno "kizunguzungu" usilitumie kabisa. Chagua moja: *nyumba inazunguka*, au *kichwa chepesi na macho yanaingia giza*, au *nayumba kama niko mashuani*. Ni vitu vitatu tofauti na vinaelekeza njia tatu tofauti.

Kuhusu muda, hesabu kwa saa, si kwa hisia. Huyu anayesema "siku nzima" mara nyingi amepata sekunde 20 za kuzunguka, kisha saa kumi za hofu, kichefuchefu na uchovu. Tenganisha shambulio na mabaki yake. Shambulio ndilo linalotaja ugonjwa.

Katika siku hizi saba usimeze vidonge vya kuzuia kizunguzungu kama unaweza kuvumilia. Sinarizini na proklopirazini, zinazouzwa sana madukani, huutuliza ubongo hadi dalili unazozitafuta zikajificha. Zina kazi yake: siku mbili tatu za kutapika sana. Kuzimeza kwa miezi huuchelewesha ubongo kujirekebisha, na kwa wazee zinaweza kuleta mtetemeko wa mikono na ugumu wa viungo. Dawa za presha na sukari lakini usiziache.

Utajua umefaulu: baada ya wiki unaweza kukamilisha sentensi hii bila kusitasita: "Huanza ninapo..., hudumu..., huja pamoja na..."

## Hatua ya 3: Lisome daftari

Chini ya dakika moja, unapogeuza kichwa. Kugeuka kitandani, kutazama juu kuanua nguo kwenye kamba, kuinamia karai la kufulia, kwenda sijida. Nyumba inazunguka, kisha inatulia. Hiki ndicho chanzo kilicho cha kawaida kuliko vyote. Ndani ya sikio kuna kifuko chenye chembechembe za chokaa zinazokusaidia kujua chini ni wapi. Zikibanduka, kwa umri, kwa kugonga kichwa au bila sababu ya kuonekana, huingia katika mifereji ya mizani na kuusukuma umajimaji wake kila unapogeuka. Ubongo unaambiwa unazunguka, nawe umelala. Nenda hatua ya 5. Aliyeanguka bodaboda wiki mbili zilizopita akaanza kisunzi cha namna hii, nyumba yake ni hii.

Sekunde chache, unaposimama tu. Macho yanaingia giza, lakini kugeuka kitandani hakukufanyi lolote. Hatua ya 4.

Dakika 20 hadi saa 12, na sikio linaziba. Sikio moja linavuma, linajaa, linasikia vibaya, kisha linarudi. Huo huenda ni ugonjwa wa Ménière. Hatua ya 7.

Dakika 5 hadi siku tatu, na mwanga au makelele yanakukera. Kama umewahi kuwa na kipandauso, au ulikuwa mtoto wa kutapika kila mkisafiri kwa basi, chunguza hapa. Kipandauso huweza kuja kama kisunzi bila kichwa kuuma hata kidogo. Watu huukataa ukweli huu kabisa. "Mbona kichwa hakiniumi?" Ndivyo kilivyo. Hatua ya 7.

Siku kadhaa mfululizo bila kukoma, kilianza ghafla. Mara nyingi ni neva ya mizani iliyovimba, pengine baada ya mafua. Lakini siku ya kwanza kiharusi kinaweza kufanana nacho kama pacha, kwa hiyo hiki hakipimwi nyumbani.

Zaidi ya miezi mitatu, karibu kila siku, unayumba. Huzunguki; unaelea. Ukiketi nafuu, ukisimama taabu, na sokoni Markiti penye watu na rangi rangi ndipo pabaya zaidi. Mara nyingi kulikuwa na kisunzi kingine kabla yake; kile kilipona, lakini ubongo ukabaki macho kama askari wa zamu ambaye hakuna aliyekuja kumpokea. Madaktari wa mizani waliipa hali hii vigezo rasmi mwaka 2017. Si wazimu, si uvivu, na hakuna jini ndani yake. Kombe, yale maji ya aya za Kurani, kama unalinywa, linywe. Hatua ya 8 usiiache.

Ukiona daftari lako limeangukia mafungu mawili, usishangae. Mtu mmoja anaweza kuwa na chembe na presha kwa pamoja.

## Hatua ya 4: Pima presha mara tatu, kisha fungua mfuko wa dawa

Hapa Pwani kila kisunzi huitwa presha, na kila presha huitwa "imepanda". Mara nyingi anayezunguka kwa presha, presha yake imeshuka.

Lala chali dakika tano. Pima. Simama. Pima baada ya dakika moja, kisha dakika ya tatu. Andika zote. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, umepata kitu cha kumpelekea daktari.

Sababu zenyewe ni za kila siku: maji kidogo katika joto la kaskazi, kufunga Ramadhani bila kunywa vya kutosha usiku, damu pungufu, ujauzito, vidonge vya presha vilivyozidi kipimo, vidonge vya tezi dume. Pima sukari na damu siku hiyo hiyo. Na muguka, kwa anayetafuna, uandikwe daftarini bila haya. Huupeleka moyo mbio na kuiba usingizi, na usingizi ukikatika kisunzi cha aina yoyote huzidi.

Kisha toa dawa moja moja mfukoni. Mwambie daktari hasa kama umewahi kuchomwa sindano za jentamisini au streptomaisini. Hizi zinaweza kuua seli za mizani za masikio yote mawili, na mtu akabaki anayumba gizani na kuona dunia ikirukaruka anapotembea.

Onyo: usijipunguzie vidonge vya presha mwenyewe. Peleka namba zako tatu kwa aliyekuandikia.

## Hatua ya 5: Jaribio la kitandani

Hili ni la yule wa sekunde. Madaktari wanaliita jaribio la Dix-Hallpike, na linakuambia sikio gani limeharibika. Bila kujua sikio, zoezi la hatua ya 6 ni kubahatisha.

Usilifanye nyumbani kama una shingo mbovu au iliyowahi kuvunjika, baridi yabisi kali ya shingo, mishipa ya shingo iliyoziba, jicho lililofanyiwa upasuaji karibuni au pazia la ndani lililobanduka, au ujauzito mkubwa. Kwa hao, linafanyiwa kliniki na mtu anayejua.

Usile kwa saa mbili kabla. Beseni liwe karibu.

1. Keti kitandani, miguu imenyooka mbele. Weka mto nyuma yako ili ukilala uangukie mabegani, si kichwani.
2. Geuza kichwa kulia nyuzi 45, yaani katikati ya kutazama mbele na kutazama bega.
3. Msaidizi akishika kichwa chako, lala chali kwa mwendo mmoja wa haraka. Kichwa kining'inie nyuma kidogo ya mto, bado kimeelekea kulia.
4. Macho wazi! Kila mtu huyafumba. Msaidizi arekodi macho kwa simu.
5. Hesabu hadi 30 hata kama huhisi kitu. Chembe huchelewa; kuzunguka huweza kuanza sekunde 5 au 15 baada ya kulala.
6. Inuka, pumzika dakika mbili, rudia kushoto.

Shangazi yangu, mkazi wa Majengo, aliandikiwa vidonge vya presha miezi minane katika zahanati moja ambayo haikuwahi kumlaza kitandani hata mara moja. Siku nilipomlaza upande wa kulia, hakuna kilichotokea. Akaanza kunicheka: "Mwanangu, ndiyo hiyo taaluma yako?" Nilifika kumi na moja katika kuhesabu. Mara akanishika mkono kwa kucha. Macho yake yalikuwa yanaruka kuelekea paji la uso na kujizungusha kama mtu anayefungua kizibo, yakielekea sikio la chini. Sekunde kumi na nane, yakatulia. Upande wa kushoto, kimya.

Hiyo ndiyo picha unayoitafuta: sikio lililokuwa chini wakati nyumba inazunguka ndilo bovu. Liandike.

Ukiona macho yanaruka kulia na kushoto badala ya juu, na kila upande unakuzungusha, chembe zimeingia mfereji mwingine, ule wa kulala. Unatibika, ila kwa zoezi la kubingirika ambalo ni vyema ufanyiwe na mtaalamu. Ukiona macho yanaruka kwenda chini moja kwa moja, au hayatulii hata baada ya dakika mbili, usiendelee na zoezi. Beba ile video uende hospitali.

Pande zote mbili kimya? Rudia siku nyingine asubuhi, kabla hujazungukazunguka. Zikiwa kimya tena, nenda hatua ya 7.

## Hatua ya 6: Zoezi la Epley

Daktari John Epley wa Marekani alilichapisha mwaka 1992, baada ya kuchekwa na wenzake kwa miaka. Nani aliamini kisunzi kinatibiwa kwa kugeuza kichwa? Lengo ni kuziviringisha chembe katika mfereji hadi zirudi kwenye kifuko chake, kama unavyoitoa gololi ndani ya mpira wa kumwagilia maji kwa kuupinda huku na huku. Ukielewa hivyo, utaelewa kwa nini kila pozi lina muda wake: gololi inahitaji nafasi ya kufika.

Naeleza kwa sikio la kulia. Kama lako ni la kushoto, geuza kila neno.

1. Keti kama kwenye jaribio, kichwa nyuzi 45 kulia.
2. Lala chali kwa haraka, mabega juu ya mto, kichwa kimening'inia na bado kiko kulia. Utazunguka. Vumilia. Kaa dakika nzima, au sekunde 30 baada ya kuzunguka kukoma.
3. Bila kuinua kichwa, kigeuze kushoto hadi kielekee nyuzi 45 upande huo. Dakika nzima.
4. Sasa bingirika na mwili wote ulalie ubavu wa kushoto, kichwa kikifuatana na mwili, hadi pua ielekee sakafuni. Dakika nzima. Kisunzi kikirudi kidogo hapa, furahi. Chembe zinasogea upande unaotakiwa.
5. Kidevu kifuani, inuka uketi kupitia ubavu huo wa kushoto. Msaidizi akushike mabega, kwa sababu baadhi ya watu husukumwa mbele kama waliosukumwa na mtu. Keti dakika kumi.

Fanya mara moja, pumzika, kisha rudia mara mbili. Kesho rudia tena kama bado. Wengi hupona kati ya mara ya kwanza na ya tatu.

Yale masharti ya zamani ya kulala umeketi siku mbili hayana faida kubwa. Lala kama kawaida.

Kwa nini hushindwa. Katika wote walioniambia "halikunisaidia", sababu zilikuwa hizi. Sikio si lile. Mto uliwekwa chini ya kichwa, kichwa kisining'inie. Pozi zilipitishwa kwa sekunde kumi kumi kwa sababu kichefuchefu kilizidi. Kichwa kiliinuliwa kati ya pozi la 2 na la 3, gololi ikarudi ilikotoka. Au hakikuwa kisunzi cha chembe tangu mwanzo, na hapo hata ulifanye mwezi mzima ni bure.

Utajua umefaulu: unarudia jaribio la hatua ya 5 kesho yake na nyumba haizunguki. Kuyumba kidogo na kichwa kizito kwa siku kadhaa ni kawaida, usikihesabu kuwa umeshindwa. Ukilifanya sawasawa siku tatu bila mabadiliko, acha. Nenda hatua ya 7.

## Hatua ya 7: Kwenda hospitali ukiwa na kitu mkononi

Kama daftari linaelekeza Ménière, kipandauso au kitu usichokielewa, unahitaji daktari wa masikio, pua na koo, na pengine wa neva. Katika hospitali ya umma utaanzia kituo cha karibu upate barua ya rufaa, kisha Hospitali Kuu ya Pwani. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, kwa hiyo hakikisha usajili na michango yako iko sawa kabla ya siku ya miadi, si ukiwa dirishani.

Ukiingia kwa daktari, usianze na "daktari, nina kizunguzungu tangu mwaka jana." Soma ile sentensi yako ya hatua ya 2. Mwonyeshe video ya macho. Mpe namba tatu za presha. Dakika tano ulizopewa zitafanya kazi ya nusu saa.

Omba kipimo cha usikivu. Bila hicho Ménière haithibitiki. Usililie picha ya kichwa. Kisunzi cha chembe hakionekani kwenye picha yoyote, na CT huweza kukosa kiharusi kidogo cha nyuma ya ubongo. Daktari akikiogopa hicho ataomba MRI.

Kuhusu tiba, kwa ufupi. Ménière huanza na kupunguza chumvi kwa kweli: ng'onda, achari, krispi za mihogo, vitoweo vya pakiti. Betahistini utaandikiwa mara nyingi. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2016 haukuona tofauti kati yake na kidonge kitupu kisicho na dawa katika kupunguza mashambulizi, kwa hiyo kama umeimeza miezi bila nafuu una haki ya kuuliza kuna njia gani nyingine. Kipandauso hutaka kulala na kula kwa saa zisizobadilika, na dawa za kinga ambazo daktari atachagua. Mwambie kama una pumu, kwa sababu propranololi haikufai. Neva iliyovimba hupona yenyewe kwa wiki kadhaa, na mazoezi ya hatua inayofuata huiharakisha.

## Hatua ya 8: Kurudisha mizani

Hii ni ya neva iliyovimba, ya kuyumba kusikoisha, na ya yeyote aliyepona chembe akabaki anatembea akishika ukuta.

Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba usawa wa macho. Kikazie macho huku ukitikisa kichwa kulia na kushoto kama anayesema hapana. Kidole kisitie ukungu. Kikitia, punguza mwendo. Dakika moja, mara tatu kwa siku, kisha uongeze. Baada ya wiki ufanye umesimama, kisha ukitembea.

Na tembea. Bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, jioni jua likipoa, ni mahali pazuri: sakafu sawa, upepo, na pa kuketi. Anza dakika kumi. Siku za kwanza dalili zitaongezeka kidogo, nayo ndiyo dawa yenyewe. Zikizidi kwa zaidi ya nusu saa baada ya kumaliza, umejipa kipimo kikubwa.

Kwenye feri, usitazame maji. Kaza macho kwenye majengo ya ng'ambo. Ukishaweza kuvuka bila kushika nguzo, jaribu kutupia maji jicho kidogo kidogo.

Utajua umefaulu: baada ya wiki sita hadi nane unaingia sokoni, unanunua ulichotaka, unatoka, na huko nyumbani ndipo unapokumbuka kwamba hukukiwaza kisunzi.

## Wakati bado unatafuta

Usipande ngazi ya paa, usiogelee peke yako, usiendeshe gari wala pikipiki. Mkwezi wa minazi na akae chini kabisa hadi ajaribiwe. Nyumba za Mji wa Kale zenye ngazi za mwinuko zisizo na pa kushika, telemka ukiwa umeshika ukuta, taa ikiwaka. Swala uswali umeketi, mgonjwa ameruhusiwa.

Chembe zina tabia ya kurudi, hata baada ya mwaka au miwili. Zikirudi, nusu ya kazi umeshaimaliza: anza hatua ya 1, kisha ruka hadi ya 5, uthibitishe sikio, ufanye zoezi siku hiyo hiyo. Shangazi ameandika kwa kalamu nene ndani ya mlango wa kabati lake: SIKIO LA KULIA. Wajukuu wanadhani ndilo asilosikia nalo, na siku hizi wakitaka kunong'ona mbele yake huhamia upande huo.